Kwa nini bluu ya keki hugeuka kijani, na jinsi ya kupata rangi aliyoagiza mteja

Mteja anatuma picha WhatsApp: keki ya sendofu ya binti yake, ngazi tatu, bluu iliyokolea ifanane na sare za kamati. Nusu ya malipo imeshaingia. Ijumaa jioni krimu inapigwa, rangi ya bluu inawekwa, na kinachoonekana kwenye bakuli ni kijani cha maji ya bwawa. Shughuli yenyewe ni kesho.

Kwa anayepikia keki nyumbani Terrat, hilo si jambo dogo. Terrat inayozungumzwa hapa ni kata ya Jiji la Arusha, upande wa kusini, siyo ile ya Simanjiro mkoani Manyara. Bakuli moja likiharibika maana yake ni sukari na siagi vimekwenda, na nauli ya kurudi mjini kununua vingine iko palepale. Mara nyingi tatizo wala si rangi aliyonunua.

Kosa liko kwenye siagi

Krimu nyingi za keki mtaani hupigwa kwa siagi ya kopo ya mafuta ya mimea, ile ambayo watu huiita Blue Band hata ikiwa ya kampuni nyingine. Siagi hiyo ni ya njano. Njano yake kwa kawaida hutokana na beta-karotini, au na mbegu za mzingefuri, mmea ambao wakulima wa Kwale, pwani ya Kenya, huulima kwa ajili ya rangi. Ukiweka bluu juu ya njano, unapata kijani. Pinki inageuka pichi. Zambarau ndiyo inaharibika kabisa, inakuwa kama udongo, kwa sababu zambarau na njano huuana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuifanya krimu iwe nyeupe kadiri inavyowezekana. Siagi ipigwe peke yake kwa mashine dakika tano hadi saba kabla sukari haijaingia; hewa ikiingia, njano inafifia. Kipimo cha kawaida ni gramu 250 za siagi kwa gramu 500 za sukari laini ya unga, pamoja na kijiko kimoja au viwili vya maziwa. Nusu ya siagi inaweza kubadilishwa na mafuta meupe ya mgando yasiyo na harufu. Njano kidogo iliyobaki hupunguzwa kwa zambarau, lakini hapa ni ncha tu ya kijiti cha meno kwa bakuli zima. Ikizidi, krimu inakuwa ya kijivu.

Ukweli ni kwamba kwa bluu iliyokolea au zambarau nyepesi, siagi ya njano ya kopo haifai hata ukiipiga saa nzima. Bora mafuta meupe au krimu nyeupe ya kupiga tangu mwanzo.

Maji, jeli au unga?

Rangi ya maji ya kichupa ni rahisi na inapatikana kirahisi, lakini ni hafifu. Ili ifikie nyekundu ya kweli itabidi uweke nyingi, na maji hayo yanalegeza krimu mpaka maua hayasimami. Inafaa kwa rangi za kitoto: pinki nyepesi, bluu ya anga. Jeli imekolea zaidi, inachukuliwa kwa kijiti, na kwa keki za shughuli ndiyo inayookoa. Ya unga haiongezi maji kabisa, ila ichanganywe vizuri, la sivyo inaacha vidoti.

Vidoti pia huja na baridi. Miezi ya Juni na Julai Arusha siagi inakuwa ngumu, na rangi yenye maji haishikani na mafuta yaliyoganda. Dawa yake ni kuchota vijiko vitatu vya krimu, kuvilainisha juu ya mvuke, kukoroga rangi humo, kisha kurudisha kwenye bakuli na kupiga tena.

Kuchanganya

Jaribio lifanyike kwenye kijiko kimoja cha krimu, kwenye kisahani cheupe, karibu na dirisha. Taa ya jikoni inadanganya. Anza na rangi nyepesi, kisha ongeza iliyo nzito kidogo kidogo, kwa sababu kukoleza ni rahisi lakini kupunguza kunahitaji krimu nyeupe zaidi. Kijiti kilichogusa krimu kisirudi kwenye kopo la rangi, chukua kingine.

Nyekundu na njano hutoa rangi ya chungwa. Njano na bluu, kijani. Hayo kila mtu aliyasoma shuleni. Shida inakuja kwa rangi za kamati. Pichi ni chungwa kidogo sana na tone la pinki. Kijani cha jeshi ni kijani cha kawaida kilichotiwa kahawia kidogo. Bluu ya sare huhitaji chembe ya zambarau, ndipo inaacha kufanana na bluu ya dawa ya meno.

Damu ya mzee ndiyo inayosumbua zaidi. Wengi hukimbilia kumwaga nyekundu kopo zima, wanaishia na pinki kali na krimu chungu. Njia nyepesi ni kuanza na krimu iliyotiwa kijiko cha kakao, ambayo tayari ni kahawia, halafu jeli nyekundu, na mwisho bluu ya ncha ya kijiti. Nyeusi nayo ianze na chokoleti. Ukianza na krimu nyeupe utaweka rangi nyingi mno, na picha za sherehe zitaonyesha wageni wenye meno meusi.

Halafu subiri. Nyekundu, nyeusi na bluu nzito huendelea kukolea kwa saa kadhaa. Krimu ikichanganywa usiku, ikafunikwa vizuri, asubuhi itakuwa imekolea zaidi bila kuongezwa kitu. Wanaochanganya saa moja kabla ya kupamba ndio wanaozidisha.

Keki ikishapambwa ikae kwenye boksi, mbali na dirisha. Mwanga hufifisha rangi, pinki na zambarau hasa: nyekundu iliyo ndani ya zambarau huanza kupotea, kinabaki kitu cha bluubluu. Anayeipeleka kwa bajaji mchana ajue hilo.

Tahadhari na dhahabu

Dhahabu haipatikani kwa kuchanganya. Njano na kahawia zitatoa rangi ya haradali tu. Mng'ao unatokana na unga maalumu wa kupaka juu. Hapo ndipo kuna hatari ya kweli, kwa sababu baadhi ya unga huo umetengenezwa kwa ajili ya mapambo, si kuliwa. Mwaka 2018 huko Rhode Island, Marekani, watoto sita waliugua na kutapika baada ya kula keki ya siku ya kuzaliwa. Unga wa kumetameta uliopakwa juu yake ulikuwa na shaba nyingi.

Maneno "haina sumu" kwenye kopo hayamaanishi kinaliwa. Kinacholiwa huandikwa orodha ya viambato na kwamba ni cha chakula. Kopo lisilo na orodha liachwe dukani. Tanzania, usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya TBS tangu 2019.

Rangi zenyewe pia zina masharti. Tangu Julai 2010, nchi za Umoja wa Ulaya hulazimisha onyo kuhusu utulivu wa watoto kwenye vyakula vyenye rangi sita, zikiwemo E102 ya njano na E129 nyekundu. Januari 2025 Marekani ilitangaza kuiondoa kwenye vyakula nyekundu nyingine, E127. Namba hizo husomeka nyuma ya kopo.

Anayetaka za asili anazo. Choya iliyochemshwa mpaka ikawa nzito inatoa pinki nzuri, mradi isikutane na magadi, maana inageuka bluu ya kijivu. Bitiruti inafaa kwa krimu isiyopikwa. Manjano yawekwe kidogo tu, yasije yakaleta ladha ya pilau.

Na lile bakuli la kijani cha bwawa? Bluu hairudi tena humo. Likiongezwa njano linakuwa kijani safi cha majani, linafaa kwa vikonyo vya maua, au linafunikwa kwenye friji siku chache kumsubiri shabiki wa Yanga.