Siti binti Saad na Riziki ya Mwimbaji

Imekuwa ada yetu, kila anapotajwa Siti binti Saad, kuanza na sauti na kumaliza na sauti. Haina ubaya ada hiyo, kwani sauti ilikuwapo na ilistahili kusifiwa. Lakini mwenye kusifu sauti peke yake humfanya mwimbaji kama ndege aliyetua juu ya tawi: akaimba, akaruka, hakuna aliyeuliza alikula nini. Mimi katika kurasa hizi nataka kuuliza hilo hasa. Siti alikula nini? Nani alimlipa, na kwa nini? Swali hili wengi wetu huliona halina adabu, na naamini kule kuliona halina adabu ndiko kulikowadhulumu waimbaji wetu kwa zaidi ya miaka mia.

Taarab iliingia Unguja kwa mlango wa kasri. Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, ndiye anayetajwa kuwa alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri akajifunze muziki na kupiga kanuni, ala ile ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani. Aliporudi alimpigia Sultani na wageni wake. Mwaka 1905 vijana wa mjini wakaunda Nadi Ikhwani Safaa, ambayo kwa jina lake tu utajua kuwa walikuwa ndugu waliokutana kwa usafi wa nia. Walichanga fedha, wakaagiza ala, wakajifunza. Nyimbo zilikuwa za Kiarabu na wasikilizaji walikuwa watu wa daraja. Mtu hakwenda nadini kutafuta chakula, alikwenda keshakula. Muziki wa namna hiyo uliheshimika kwa sababu haukulipwa, na aliyeimba kwa ajili ya fedha alihesabiwa katika kundi jingine kabisa. Bila ya kulifahamu jambo hili hatuwezi kupima ukubwa wa alichokitenda mwanamke wa Fumba.

Alizaliwa huko Fumba karibu na mwaka 1880, akaitwa Mtumwa. Jina hilo lilikuwa na uzito wake katika zama hizo, kwani utumwa ulikuwa bado halali Unguja hadi 1897. Wazazi wake walikuwa watu wa chini. Nyumbani kwao kazi ilikuwa ufinyanzi, naye akajifunza kazi hiyo tangu utoto na akawa mwenye kubeba vyungu kwenda kuviuza. Wapokezi wa habari zake wamekubaliana juu ya jambo moja: alipokuwa akinadi vyungu vyake, watu walimjua kabla ya kumwona. Wengi huisimulia habari hii kama bishara ya kipaji. Mimi naisoma kama habari ya kazi. Mchuuzi hujifunza mambo ambayo mwana wa nadi hakuwa na haja ya kuyajua: mnunuzi yuko mtaa gani na saa gani, neno gani humtoa ndani, na lini unyamaze upite zako. Kabla hajaimba mbele ya mtu yeyote mwenye cheo, mwanamke huyu alikuwa amekwisha kuishi kwa koo lake miaka mingi.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Huko alimpata Ali Muhsin, mmoja wa watu wa Ikhwani Safaa, akamfundisha uimbaji. Siti hakujua kusoma wala kuandika, kwa hiyo kila alichofundishwa ilimbidi akihifadhi kichwani. Haya ni maajabu ya mji wetu: nadi ambayo watu wake waliimba bila ya malipo ndiyo iliyotoa mwalimu wa mwimbaji atakayeishi kwa kuimba. Hata jina akabadilishiwa, Mtumwa akawa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Jina jipya lilimfaa kazini pia, maana nani angemwalika Mtumwa kuja kutumbuiza harusi ya watu wakubwa?

Lakini jina halipigi udi. Siti alijenga kundi, na hapa ndipo ninapoona akili yake zaidi ya sauti yake. Alikuwa na Subeti Ambari, Buda Swedi, Maalim Shaaban, na Mbaruku, kipofu hodari wa udi aliyekuwa na asili ya Mombasa. Walikutana nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa mji waliokaa wachukuzi, mafundi, wavuvi na watu waliotoka utumwani. Watukufu waliimbiwa majumbani mwao. Jirani wa Ng'ambo waliimbiwa pale pale. Na hao jirani walitaka Kiswahili. Siti aliitoa taarab katika lugha ambayo wengi wa waliokuwa wakiisikiliza hawakuifahamu, akaitia katika lugha waliyogombania na kupatania kila siku.

Watu hutaja hili kama tendo la uzalendo, na huenda lilikuwa hivyo. Lilikuwa vile vile tendo la mtu anayejua biashara. Anayeimba kwa starehe zake anaweza kuurudia wimbo mmoja mwaka mzima. Anayeishi kwa nyimbo anahitaji wimbo mpya, kama muuza mkate anavyohitaji mkate wa leo. Kundi la Siti liliuokota mjini: hadithi za wadhulumaji, za wenye kula mali ya wanyonge, za hukumu za mahakama zilizowashangaza watu. Wimbo wa Kijiti ndio mashuhuri zaidi. Ndani yake mna mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji aliyetoroka, na mashahidi walioishia wao kutiwa adabuni. Wasioweza kusoma gazeti walisoma kwa Siti.

Wenye husuda hawakukosekana. Walimtungia wimbo wa kumkejeli kuwa alikuja mjini hana nguo ya maana, na kwamba isingekuwa sauti asingekuwa na cha kula. Alijibu kwa wimbo, na maana ya jibu lake ni kuwa sura na nasaba si hoja, hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo tumelisifu sana, na ni haki yake. Hata hivyo nadhani hatukuitazama vizuri ile kejeli yenyewe. Waliomtukana walikuwa wamesema kweli tupu! Kama si sauti angekula nini? Seremala naye, kama si randa, angekula nini? Hakuna aliyemwimbia seremala wimbo wa kejeli. Tusi halikuwa katika maneno, lilikuwa katika imani kwamba kula kwa sauti ni aibu.

Ndipo ikaja santuri. Mwaka 1928 Siti na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, ile yenye alama ya mbwa anayesikiliza pembe. Hakuna mwimbaji mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia katika jambo hilo. Sahani za wakati ule zilikuwa nzito, zikivunjika upesi, na kila upande ulibeba takriban dakika tatu tu. Mwenye kuijua taarab anajua maana yake: wimbo uliozoea kutambaa usiku, ukasubiri kibwagizo, ukasubiri mtu ainuke kutuza, sasa ulilazimika kuingia na kutoka kabla ya kahawa kupoa. Ikabidi beti zichaguliwe, ala zisiranderande. Kundi liliifanya kazi hiyo, na hadi 1931 sahani zilizouzwa, kwa hesabu inayotajwa mara nyingi, zilifika 72,000. Kwa soko la Kiswahili la zama zile hilo ni jambo kubwa mno. Zilisikika mikahawani na vibarazani, Unguja na Pemba, na mrima wote.

Lakini tuitazame sahani kama mchuuzi anavyotazama mali. Katika hadhara, mwenye kuguswa na ubeti huinuka, akaenda mbele, akatia fedha mkononi mwa mwimbaji. Tuzo hiyo ni malipo na ni mazungumzo, kwani aliyetuza amesema "huo wimbo ni wangu" na wote wamemwona. Sahani inamtenga mwimbaji na tuzo. Mteja anamlipa mwenye duka, mwenye mkahawa anapata wanywaji, na sauti inazunguka ikirudiwa mara mia na sindano ile ile wakati mwenyewe yuko Ng'ambo anapika. Asiyekuwapo hatuzwi. Ilichomletea Siti santuri bila ya shaka ni jina, na jina likazaa mialiko. Ila mialiko inataka mwili ulio mzima na nchi yenye neema, na miaka ya mwanzo ya 1930 bei ya karafuu ilianguka, wenye mashamba wakaelemewa na madeni, na mfuko wa kuitia taarab ukapungua.

Siti alifariki tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert alikuwa amemdiriki, na wasifu aliomwandikia ulichapishwa baada ya kifo chake, ukawafikia wanafunzi wengi. Miaka mingi baadaye Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa 1987, kiliita jarida lake Sauti ya Siti. Heshima hizi zote zimekuja akiwa kaburini.

Fatuma binti Baraka, Bi Kidude wetu, aliishi muda mrefu kiasi cha kuonja nyingine zikija angali hai. Nyimbo za Siti alizipata kwa kusikiliza, akaziimba hadi uzeeni. Lakini hakuziegemea hizo pekee: alipiga ngoma ya unyago, akawafunda wari, akauza hina na dawa za miti. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX huko Ulaya, na alipofariki tarehe 17 Aprili 2013 dunia ilitangaza. Kati ya tuzo ya jukwaa la Ulaya na hina ya kuuzwa nyumbani, ni hina iliyokuwa na uhakika wa wiki ijayo. Hili si la kumsikitikia. Alikuwa na kazi nne kwa sababu alijua moja haimtoshi, na aliimba apendavyo kwa kuwa hakuna mlipaji mmoja aliyemmiliki.

Mwaka 2002 kilifunguliwa Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, katika jengo la Forodha ya zamani, Mji Mkongwe. Vijana, wasichana wengi miongoni mwao, wakafundishwa kanuni, udi na fidla bila ya kuulizwa nasaba zao, na baadhi yao leo wanaishi kwa kupiga muziki mahotelini na kwenye matamasha. Ali Muhsin mmoja amekuwa darasa zima. Mwaka 2019 chuo hicho kilitangaza kuwa fedha za wafadhili zimekauka na kwamba huenda kikafunga milango. Ada za wanafunzi, ndogo kama zilivyokuwa, wengi hawakuweza kuzilipa. Na miongoni mwa wazee waliozoea kutuza harusini, wachache walidhani kuwa mwalimu wa kanuni naye anatuzwa.