Ngiri Anajua Nini Ambacho Nguruwe wa Bandani Hakijui?

Zaidi ya miaka 100 imepita tangu R. Eustace Montgomery, mtaalamu wa mifugo wa serikali ya kikoloni, achapishe mwaka 1921 taarifa ya ugonjwa uliofyeka mabanda ya walowezi nchini Kenya. Katika milipuko aliyoifuatilia, nguruwe 1,352 kati ya 1,366 walikufa. Dalili zilifanana mno na za homa ya nguruwe ya Ulaya, na hapo ndipo penye ubishi mzito. Montgomery aliujibu kwa majaribio: seramu iliyowakinga nguruwe dhidi ya homa ya Ulaya haikuwafaa kitu hawa wa Kenya. Ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, na shaka yake ikamwangukia ngiri, anayebeba kirusi bila kuugua. Mwaka 1969 Walter Plowright na wenzake walieleza kuwa wamekipata kirusi hicho ndani ya papasi waliokusanywa kwenye mashimo ya wanyama Tanzania. Kufikia hapo ugonjwa ulikwisha kuingia Ureno, mwaka 1957. Georgia ikafuata 2007, China 2018.

Naamini jambo kubwa katika historia hii si kusafiri kwa kirusi, bali swali aliloliacha ngiri: kwa nini haugui? Kirusi huzaliana ndani ya makrofaji, seli zinazopaswa kukimeza na kupiga mbiu ya hatari. Kina jeni zinazozima mbiu hiyo: baadhi huzuia interferoni, kemikali inayozitahadharisha seli jirani, na nyingine, iitwayo A238L, hujifanya breki ya seli yenyewe kwenye njia ya ishara inayowasha mbiu hiyo. Kikiisha kuongezeka, nguruwe wa kufugwa hufurika kemikali za uvimbe, seli zake za kinga hufa kwa wingi na damu huvuja. Yaani mwitikio wa mwili wake mwenyewe unashiriki kumuua, wakati ngiri huambukizwa na kubaki mzima.

Wapo watakaopinga kwamba siri ya ngiri imo katika njia hiyo ya ishara, na hoja yao ina uzito. Watafiti wa Uingereza waliona kuwa jeni ya RELA, kiungo cha njia hiyo, inatofautiana kidogo kati ya ngiri na nguruwe. Wakawahariri nguruwe wapate sehemu ya ngiri; matokeo ya mwaka 2020 yakaonyesha kwamba bado waliugua vibaya. Lakini jaribio hilo limeiondoa jeni moja tu kama jibu pekee. Njia yenyewe ya ishara halijaigusa. Kwa upande wa kirusi, kuondoa baadhi ya jeni zinazozima interferoni hukidhoofisha. Njia hii ya kuondoa jeni ndiyo iliyozaa chanjo ya Vietnam, ambayo kirusi chake kimeondolewa jeni ya I177L. Mwaka 2022 matumizi yake yalisimamishwa kwa muda baada ya nguruwe kufa, na mwaka uliofuata ikaruhusiwa kuuzwa.

Inauma kwamba hapa kwetu ngiri hutajwa zaidi kama kivutio cha watalii, ilhali mfugaji wa kitimoto bado anategemea karantini na uzio, silaha zile zile za enzi ya Montgomery.