Besiboli: Mrushaji anaruhusiwa kufanya nini kumnasa mkimbiaji wa besi ya kwanza?

Vijana wa Lugazi, mashariki mwa Kampala, walipoiwakilisha Uganda katika mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto mjini Williamsport, Marekani, Agosti 2012, warushaji wao hawakuwa na haja kubwa ya kumchunga mkimbiaji aliye besi ya kwanza. Katika ngazi hiyo, mkimbiaji haruhusiwi kubanduka kwenye besi hadi mpira umfikie mpigaji.

Kijana akipanda ngazi, mambo hubadilika. Mkimbiaji husogea hatua kadhaa mapema, akinuia kuiiba besi ya pili, na mrushaji ana haki ya kumrushia mpira mlinzi wa besi ya kwanza ili mkimbiaji aguswe kabla hajarudi.

Haki hiyo hutegemea mguu. Mrushaji anayekanyaga kibao cheupe kilicho juu ya kituta sharti apige hatua ya wazi kuelekea besi ya kwanza, kisha aurushe mpira kweli. Kujifanya anarusha, kisha akauzuia mkononi, ni kosa liitwalo boki. Ajabu ni kwamba hila hiyo hiyo inaruhusiwa kuelekea besi ya pili.

Akitaka uhuru zaidi, kwanza aondoe mguu wake wa egemeo na kuuweka nyuma ya kibao. Hapo huhesabiwa kama mlinzi mwingine yeyote, na anaweza kumghilibu mkimbiaji apendavyo. Hata hivyo, uhuru huo una gharama: mpira aliourusha akiwa nje ya kibao ukipotelea kwa watazamaji, mkimbiaji hupewa besi mbili, angekuwa kwenye kibao, angepewa moja.

Anayetumia mkono wa kushoto huitazama besi ya kwanza ana kwa ana, na ndiye anayewasumbua waamuzi zaidi. Mguu wake wa mbele ukiinuka, mkimbiaji hajui utaelekea wapi. Lakini mguu huo ukivuka ukingo wa nyuma wa kibao, hawezi tena kurusha besi ya kwanza. Anayetumia mkono wa kulia huipa besi hiyo mgongo, hivyo hulazimika kugeuka kwa kuruka haraka. Bega likitikisika kwanza kuelekea kwa mpigaji, ni boki.

Adhabu ya boki ni nzito: kila mkimbiaji husogezwa besi moja, na aliye besi ya tatu huingia nyumbani na kuipa timu yake alama bila jasho.

Ben Serunkuma na Umar Male, warushaji wa Uganda waliosajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, waliingia Marekani wakati kanuni zikikazwa. Tangu 2023, mrushaji wa ligi kuu anaruhusiwa majaribio mawili tu kwa kila mpigaji. La tatu lisipomtoa mkimbiaji, ni boki. Hata kuondoa mguu kwenye kibao bila kurusha huhesabiwa, na hesabu huanza upya pale tu mkimbiaji anaposonga besi au mpigaji mwingine anapoingia.