Ruta inaweka wapi mipangilio uliyoihifadhi?

Leo tuongelee kitu ambacho sisi tunaojishughulisha na mitandao tunakigusa kila siku, lakini mtu akikuuliza kiko wapi unaanza kukuna kichwa. Ile mipangilio unayoiweka kwenye ruta, ukishaihifadhi, inakaa wapi hasa?

Nimeanza kulifuatilia swali hili baada ya kuaibika. Nilimfungia ruta mama mmoja mwenye duka la steshenari na uchapaji, Cisco 1841 ya mitumba, kompyuta sita. Nikaweka anwani, nikaweka NAT, intaneti ikapita, nikapewa changu nikaondoka. Siku tatu baadaye umeme ukakatika usiku. Asubuhi simu inaita: "Mwanangu, hiki kidude chako taa zinawaka lakini intaneti hakuna, na hapa wanafunzi wamejaa wanataka kujaza fomu za mikopo." Nikakimbia. Nilipochomeka waya wa konsoli nikakuta ruta inaniuliza kama nataka kuanza kuipanga, utadhani imetolewa kwenye boksi asubuhi ile. Nikamwambia, "Mama, nisamehe, kosa ni langu." Na kweli lilikuwa langu.

Iko hivi. Ruta ya Cisco ina nakala mbili za mipangilio, siyo moja. Ya kwanza inaitwa running-config, ndiyo inayofanya kazi sasa hivi, na inakaa kwenye RAM. Kila amri unayoandika ukabonyeza Enter inaingia humo papo hapo, ndiyo maana unaona intaneti imepita ukadhani umemaliza. Lakini RAM ikikosa umeme inasahau kila kitu. Nakala ya pili inaitwa startup-config, hiyo inakaa kwenye NVRAM, kumbukumbu ndogo ambayo umeme ukikatika haipotezi kitu. Ruta haihamishi mambo kutoka ya kwanza kwenda ya pili yenyewe. Ni lazima uiambie:

copy running-config startup-config

Wengine tunafupisha, tunaandika wr basi. Hayo maneno mawili matatu ndiyo niliyoyasahau.

NVRAM yenyewe ni ndogo kweli. Kwenye ile 1841 ukiandika show version utaona 191K. Zile 2500 za zamani zilikuwa na 32K tu. Picha moja ya simu haiingii humo, lakini mipangilio ni maandishi matupu kwa hiyo inatosha. Watu wengi wanachanganya NVRAM na flash. Flash ndiyo inayobeba IOS, yaani mfumo endeshi wenyewe, na kwenye 1841 ni ile kadi ya CompactFlash unayoweza kuichomoa kwa mkono. Ruta ikiwaka, programu ndogo iliyo kwenye ROM inaitafuta IOS kwenye flash, IOS inapanda kwenye RAM, halafu ndipo inakwenda NVRAM kuchukua startup-config na kuifanya running-config. Isipoikuta huko, unakutana na lile swali nililokutana nalo mimi.

Kujua umehifadhi au hujahifadhi ni rahisi: andika show startup-config. Ikikujibu startup-config is not present, usiondoke hapo ulipo.

Swichi za Cisco kama Catalyst 2960 zina ujanja wao. Huko startup-config kwa kweli ni faili linaloitwa config.text lililoko kwenye flash, na VLAN zinaandikwa kwenye faili jingine, vlan.dat. Ndiyo maana mtu anafuta mipangilio yote, anawasha swichi, anakuta VLAN za ofisi ya zamani bado zipo anadhani kuna jini.

MikroTik, ambazo huku kwetu zimejaa, hazina habari ya nakala mbili. Ukibadilisha kitu kinahifadhiwa pale pale. Raha, lakini pia ukikosea, kosa nalo limehifadhiwa! Ukiwa unaifanyia kazi kwa mbali bonyeza kwanza Ctrl+X uingie Safe Mode, ili mawasiliano yakikatika ruta iyarudishe mambo yalivyokuwa. Kwa akiba kuna njia mbili. Ya /system backup save inatoa faili la .backup ambalo ni la kurudishia kwenye mashine ile ile. Ya /export inatoa faili la .rsc ambalo ni maandishi, unaweza kulisoma, kulirekebisha na kulipeleka kwenye ruta nyingine. Sasa angalia mtego huu: ukifungua Files ukaona kuna folda inaitwa flash, faili lolote lililo nje ya folda hiyo liko kwenye RAM. Ukizima ruta limekwenda. Jamaa yangu alitengeneza akiba nzuri kabisa, akaiacha humo humo, akawasha ruta upya!

OpenWrt nayo inaweka mipangilio kwenye mafaili ya kawaida ndani ya /etc/config, kuna network, wireless, firewall na kadhalika. Ukitumia amri ya uci, mabadiliko yanasubiri kwenye /tmp, ambayo ni RAM, mpaka uandike uci commit. Yaani ni ugonjwa ule ule wa Cisco kwa jina lingine. Huawei za ofisini amri ni save, na faili linaitwa vrpcfg.zip.

Upande wa pili wa jambo hili ndio unaonitia wasiwasi zaidi. Kitu kisichofutika umeme ukikatika, hakifutiki pia ukiiuza ruta. Mwaka 2023 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilieleza kwamba ilinunua ruta 18 za mitumba, na zaidi ya nusu yake zilikuwa bado na mipangilio kamili ya wenyewe wa zamani. Na huku kwetu ruta za mitumba ndizo tunazomudu, tunanunua na kuuza kila siku. Usijidanganye kwamba uliweka neno la siri. Mwenye ruta mkononi na waya wa konsoli anaizima, anaiwasha huku akibonyeza Break, anaandika confreg 0x2142, na ruta inawaka bila kuisoma startup-config. Mipangilio bado iko NVRAM, anaisoma akiwa amekaa kwenye kiti. Njia hiyo hiyo ndiyo inayokuokoa ukisahau neno lako la siri, ila ukimaliza kumbuka kurudisha 0x2102, la sivyo kila ikiwaka itaonekana tupu wakati siyo tupu.

Kwa hiyo kabla ya kuuza andika erase startup-config, kisha reload, ikikuuliza kama ihifadhi mabadiliko jibu no. Halafu angalia dir flash: kama kuna nakala mtu alizozisahau humo. Zile ruta ndogo za nyumbani, bonyeza kitufe cha reset kwa sekunde kumi hivi mpaka taa zibadilike.

Nirudi kwa yule mama. Niliipanga ruta upya, nikahifadhi, nikapeleka nakala kwenye kompyuta yangu kwa copy running-config tftp:, nyingine nikaiweka kwenye flashi nikampa aitunze kwenye droo pamoja na leseni ya biashara, nikamwambia asimpe mtu maana ndani yake kuna maneno ya siri. Halafu nikamwomba azime swichi ya ukutani. Akanikodolea macho. "Wewe mtoto, wanafunzi wote hawa?" Nikamwambia, "Zima mama, afadhali tujue sasa hivi nikiwa hapa." Akazima, akahesabu kumi, akawasha. Tukasubiri kama dakika mbili hivi, hakuna aliyesema kitu, mpaka kijana wa kompyuta ya mwisho akapaza sauti kwamba fomu yake imefunguka.