Oicha: komine iliyoanza na hospitali

Ukitoka mjini Beni kuelekea Komanda kwa barabara ya kitaifa nambari 4, unapita Mbau, halafu baada ya kilometa 30 hivi unaingia Oicha. Nyumba zimejipanga kandokando ya barabara, na nyuma ya nyumba ni mashamba: kakao, mawese, kahawa, muhogo, ndizi. Upande wa magharibi msitu unaanza na hauishi mpaka uko ndani ya Ituri. Upande wa mashariki kuna Mbuga ya Virunga na bonde la mto Semliki, na ng'ambo yake milima ya Ruwenzori. Kaskazini ni Eringeti. Barabara ikifungwa siku mbili tu, bei ya chumvi na ya sabuni sokoni inaeleza yenyewe.

Wengi leo wanaijua Oicha kwa sababu ya habari mbaya. Lakini mji huu una historia ndefu kuliko vita, na historia hiyo haikuanza na ofisi ya serikali. Ilianza na wagonjwa.

Katika miaka ya 1930 daktari Mmarekani Carl Becker, wa misioni ya Kiprotestanti ya Africa Inland Mission, alifungua kazi ya matibabu hapa, pembeni ya msitu wa Wambuti. Mwanzo ulikuwa mdogo, lakini sifa ilitembea haraka kuliko gari. Watu walikuja kwa miguu kutoka mbali, hasa wenye ukoma, ambao vijiji vingi vilikuwa vimewafukuza. Becker aliwapokea kwa maelfu, wakapewa dawa na mahali pa kuishi na kulima. Mtu aliyefukuzwa kwao alipata jirani Oicha. Hilo wazee wanalikumbuka bado, na ni haki kulikumbuka sasa ambapo mji umejaa tena watu wasio na kwao.

Mwaka 1964 uasi wa Simba ulipokaribia, wamisionari waliondoka. Becker aliporudi Kongo alianzisha kituo kikubwa cha matibabu Nyankunde, upande wa Ituri. Hospitali ya Oicha ilibaki na Wakongomani wenyewe, chini ya kanisa ambalo leo linaitwa CECA 20. Halafu Septemba 2002 Nyankunde ikashambuliwa na watu wengi wakauawa. Wauguzi, wagonjwa na familia zilizookoka walitembea msituni siku nyingi, na mahali walipofikia ni Oicha. Mtoto alirudi kwa mama akiwa na majeraha.

Serikali yenyewe ilichelewa kufika. Kwa muda mrefu mkubwa wa wilaya, yaani administrateur wa territoire, alikaa mjini Beni, na Oicha ilikuwa sehemu ya sekta ya Beni-Mbau, pamoja na groupement kama Batangi-Mbau, Bambuba-Kisiki na Banande-Kainama. Mwaka 2003 Beni ikapewa hadhi ya mji wenye meya na komine zake nne. Mji ukishajitenga, wilaya inahitaji makao yake yenyewe, na Oicha ndiyo ikawa makao makuu ya wilaya ya Beni. Mwaka 2013 amri za Waziri Mkuu ziligeuza miji midogo mingi ya nchi kuwa komine, na Oicha ikawa komine ya vijijini. Utekelezaji ulisubiri miaka.

Hapa ndipo watu wengi wanachanganyikiwa, na si kosa lao. Katika mji mmoja kuna ofisi mbili kubwa. Administrateur anawakilisha serikali kuu katika wilaya nzima. Bourgmestre anaongoza komine tu, na mitaa yake kama Tenambo, Mabasele na Pakanza. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema komine, sekta na shefferi zina uhuru wa kujitawala na mfuko wao wenyewe, na zinastahili asilimia 40 ya sehemu ya mapato ya taifa inayopewa jimbo. Wilaya haina uhuru huo. Groupement, mtaa na kijiji pia havina.

Sheria hiyo hiyo inasema wananchi wachague madiwani wa komine, na madiwani wachague bourgmestre. Hilo halijafanyika Oicha hata mara moja: bourgmestre anatoka kwenye karatasi ya uteuzi. Uchaguzi wa rais wa Desemba 2018 haukufika hapa, kwa sababu zilizotajwa za Ebola na usalama. Wilaya ya Beni ilipiga kura ya wabunge tu, Machi 2019, rais akiwa tayari ameapishwa. Desemba 2023 madiwani walichaguliwa katika komine za makao makuu ya majimbo peke yake. Katikati, tangu tarehe 6 Mei 2021, hali ya dharura iliweka wanajeshi na polisi mahali pa viongozi raia katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Komine isiyo na baraza ni nusu komine. Ushuru unalipwa sokoni kila siku, na hakuna diwani wa kuuliza umeenda wapi.

Wanaosikia uzito huo zaidi ni waliohama. Tangu Oktoba 2014, mauaji ya waasi wa ADF yamekimbiza vijiji vizima kuelekea mjini. Mashamba yao ya kakao yalibaki chini ya chifu wa groupement, huku wao wenyewe wamelala mtaani, chini ya chifu wa mtaa. Mara nyingi chifu wa kijiji naye ni mhamaji, amepanga chumba karibu na watu wake. Ana heshima yake, watu wanamsikiliza, lakini ardhi anayoijua mipaka yake hawezi kuikanyaga.

Kwa familia hizo kuna jambo moja lisilosubiri amani. Mtoto aliyezaliwa Oicha anaandikishwa Oicha, hata kama wazazi ni wa Eringeti au Kamango. Sheria ya familia iliyorekebishwa mwaka 2016 inatoa siku 90 tangu kuzaliwa, na ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure. Zikipita, wazazi wanapelekwa mahakamani kutafuta hukumu kwanza, na hapo safari na gharama zinaanza. Ofisi ya hali ya kiraia ndiyo inayopokea. Mzazi aje na karatasi ya hospitali ikiwa anayo.