Eratosthenes na mzingo wa Dunia

Eratosthenes (takriban 276–194 KK) alikuwa mtaalamu wa Kigiriki aliyesimamia maktaba ya Aleksandria, Misri. Kwamba Dunia ni tufe halikuwa jambo geni kwake: Aristotle alikwisha kutaja ukingo wa duara wa kivuli cha Dunia Mwezi unapopatwa. Kilichotafutwa ni ukubwa. Huko Syene, Aswan ya leo, adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote za mwaka, yasemekana jua lilimulika kisima hadi chini. Aleksandria, wakati huohuo, kijiti cha saa ya jua kilitoa kivuli chenye pembe ya sehemu moja ya 50 ya duara. Hivyo umbali kati ya miji hiyo miwili ulikuwa sehemu moja ya 50 ya mzingo; kwa kuwa ulikadiriwa kuwa stadia 5,000 (stadia ni kipimo cha urefu cha Kigiriki), mzingo ulifika stadia 250,000. Urefu halisi wa stadia hiyo ungali unabishaniwa.