Apple: mapato ya maunzi na ya programu

Kampuni ya Apple, yenye makao makuu Cupertino, California, hupata fedha nyingi zaidi kwa kuuza maunzi, yaani vifaa vyenyewe, kuliko kwa njia nyingine yoyote. Katika mwaka wa fedha 2024, uliofungwa mwishoni mwa Septemba, mauzo yake yalifika dola bilioni 391. Simu za iPhone peke yake zilileta takriban bilioni 201, na vifaa vyote kwa jumla bilioni 295. Bilioni 96 zilizosalia zimo katika fungu liitwalo huduma: kamisheni za duka la App Store, hifadhi ya iCloud, muziki, matangazo, bima ya matengenezo.

Fungu la programu halimo kabisa katika hesabu hizo. Mfumo endeshi wa iOS hauuzwi, kwani gharama yake imo ndani ya bei ya simu. Zamani mteja wa kompyuta alilipia: toleo jipya la mfumo wa Mac OS X liliuzwa dola 129, toleo la Snow Leopard la 2009 likashuka hadi 29, na tangu lile la Mavericks la 2013 ni bure. Tofauti na Microsoft, iliyotajirika kwa leseni za Windows, Apple haiwauzii watengenezaji wengine mfumo wake. Ilijaribu mwaka 1995, lakini kompyuta za washirika hao zikaanza kuinyang'anya wateja, na mwanzilishi mwenza wake, Steve Jobs, aliporudi mwaka 1997 alivunja mpango huo. Kuiita Apple kampuni ya maunzi tu ni kusahau kwamba wengi hununua iPhone kwa sababu ya iOS, ambayo hawaipati penginepo.

Ukitazama faida, mizani inabadilika. Mwaka 2024 kila dola 100 za vifaa ziliacha faida ghafi ya dola 37 hivi. Za huduma ziliacha karibu 74. Huduma zilikuwa robo ya mauzo, lakini zilileta karibu asilimia 39 ya faida ghafi yote.

Sehemu ya fedha za huduma haitoki mfukoni mwa mwenye simu. Nyaraka za kesi dhidi ya Google nchini Marekani zilionyesha kuwa mwaka 2022 Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili injini yake ya utafutaji itangulizwe katika Safari, kivinjari cha Apple. Septemba 2025 jaji wa kesi hiyo, Amit Mehta, aliruhusu malipo ya aina hiyo yaendelee, ila akapiga marufuku mikataba ya kuipa Google nafasi hiyo peke yake.